Chupa Kumi na Moja za Madame

Kila asubuhi Madame alisimama mlangoni mwa darasa lake na kunusa mikono ya watoto. Mtoto akifika alinyoosha viganja, Madame aliinama, akavuta hewa, kisha akamwambia aingie. Wazazi waliambiwa kwamba ni mambo ya usafi. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipogundua kwamba watoto ambao mikono yao haikunuka chochote ndio aliowaketisha karibu naye, upande wa kikapu chake. Mkono uliokula una harufu ya muhogo, ya maharagi, hata ya moshi wa sufuria. Mkono usiokula una harufu ya maji tu. Saa nne kikapu kilifunguliwa, na wale wa upande huo walipewa kwanza viazi au ndizi ya kuchoma, bila mtu yeyote kulitaja neno njaa.

Nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumuuliza jina lake. Naona aibu kidogo kulisema hilo, maana mimi huuliza kila kitu. Shule niliiacha nikiwa mwaka wa tatu wa primaire, yaani shule ya msingi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa njia. Nimebeba mbao, nimekamua ng'ombe wa watu, nimechimba mawe ya watu kule Walikale. Popote nilipofika niliuliza hiki kinaitwaje na kile kinafanyaje kazi. Lakini yeye alikuwa Madame tu, kama wanavyoitwa walimu wote wa maternelle, yaani darasa la watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, na hilo lilitosha. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye viatu vya mpira vya matope na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Alinipa jina la Musafiri. Sikupinga.

Siku ya kwanza kumwona ilikuwa Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi. Nilikuwa nimeshusha mbao kwa mtu aliyekuwa anajenga, mvua ikanikuta, nikajibanza chini ya mabati ya darasa lake. Ndani watoto walikuwa wanaimba kuhusu printemps. Nilichungulia dirishani. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya karatasi iliyochanika kona, yenye mti wa maua ya waridi, mwanakondoo na msichana mwenye kofia ya majani makavu. Madame aliniona kabla sijarudisha kichwa.

"Papa, weye uko inspecteur ao ni mvua inakushinda?"

"Ni mvua, Madame."

"Basi ingia. Lakini utaikala chini kama wengine."

Niliketi mkekani. Mtoto mmoja alinisogezea nafasi kwa kisigino. Wimbo ulipokwisha niliinua kidole, kwa sababu niliona wote wanainua.

"Madame, ile printemps njo nini?"

Watoto walicheka sana. Mtu mzima mwenye ndevu hajui printemps! Madame hakucheka.

"Hata miye siyaionaka," alisema, kwamba naye hajawahi kuiona. "Iko mu programme. Banasema kule mbali baridi inauaka kila kintu, miti inabakia mifupa. Kisha siku moja kila kintu inarudia. Njo ile."

"Na huku kwetu?"

"Huku kwetu hakuna kintu inakufa juu ya baridi."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayefundisha rangi. Niliendelea kulifikiria mpaka nilipofika bondeni.

Baadaye nilijua jinsi alivyoitumia ile printemps ya vitabuni. Aliichukua akaihamishia Septemba, wakati mvua zinarudi baada ya jua la Julai na Agosti, mashamba yanalimwa, na shule inafunguliwa. Wiki hizo za kwanza darasa lake halikukaa ndani. Watoto walishika udongo kabla ya mvua na baada ya mvua, wakaambiwa waseme tofauti yake. Walifumba macho wakasikiliza matone juu ya bati na kuyaiga kwa vidole. Walisugua majani juu ya karatasi mpaka kijani kikatoka. Mtoto aliyekuja na Kihunde tu alipewa neno la Kiswahili, aliyekuja na Kinyarwanda tu alipewa hilo hilo, na Madame aliwauliza wote wawili neno lao ili darasa zima lilirudie. Jambo hilo kuna watu wazima hawakulipenda. Hakuwauliza.

Mchezo uliopendwa zaidi ulikuwa wa mbegu. Watoto walijikunja sakafuni, magoti kifuani, Madame akawafunika kwa vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja. Kisha alipita na kopo lenye matundu akawanyunyizia maji kidogo sana, na wao walipaswa kuinuka polepole, kwanza kidole, halafu mkono, halafu kichwa. Kulikuwa na mmoja ambaye kila mara aliruka juu kama chura.

"Mbegu hairukake!" Madame alimfokea. "Mbegu inaamuka. Rudi mu udongo."

Asubuhi moja, nikiwa nimekuja kurekebisha mguu wa benchi, milio ya risasi ilisikika upande wa kilima. Mimi nilitupa nyundo. Madame alichukua vitenge.

"Hii ni bunduki," aliwaambia watoto. "Tuko mbegu. Mvua haiyafika."

Walijikunja wote, na yule wa kuruka alikuwa wa kwanza kutulia. Mwalimu mwingine angesema ni radi. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema hivyo, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Kesho radi ya kweli ikipiga, nitabaambia nini? Mutoto ukimudanganya mara moja, anakuangalia mudomo, haangalie tena kile unamuonyesha." Katika miaka yote hiyo sikumsikia akimdanganya mtoto. Mtoto akiuliza kama mama yake atarudi, na Madame hajui, jibu lilikuwa "sijui", kisha akamshika mkono.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Aliwafinya watoto masikio. Aliimba vibaya, kwa sauti ya mlango wenye kutu, na watoto waliomfuata waliimba vibaya vile vile kwa moyo wote. Chaki aliiba kwenye madarasa ya primaire na kusema amekopa. Alisali kila Jumapili, lakini aligombana na shemasi aliyetaka watoto wa maternelle waimbe kuhusu mbinguni kwenye maziko. "Bafundishe kwanza udongo," alimwambia mbele ya watu. Na huyo huyo ambaye hakukimbia risasi aliogopa ng'ombe. Nyamitaba ni nchi ya ng'ombe. Ukitoka nyumbani unakutana nao. Madame alizunguka kilima kizima ili asipite karibu na ndama.

"Ndama huyu hana hata meno, Madame," nilimwambia siku moja.

"Hana meno, iko na mama."

Mwaka fulani alikuja inspecteur wa kweli, mkaguzi wa shule. Alifika na pikipiki, suruali ikiwa imejaa matope mpaka magotini, akaketi kwenye benchi ya watoto na kuuliza kwa upole saisons, yaani misimu ya mwaka, ziko ngapi. Watoto waliangaliana. Msichana mmoja alisimama akahesabu kwa vidole: "Moja ya mvua. Moja ya jua. Moja ya kukimbia." Inspecteur aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga, akaomba maji ya kunywa. Aliondoka bila kuuliza swali la pili. Madame alisimama mlangoni muda mrefu akimwangalia anavyoteremka, kisha akasema, "Hakusema mutoto amekosea."

Lakini jambo lenyewe ninalotaka kulieleza ni maharagi.

Kwenye milima yetu mama halimi haragi la aina moja. Anapanda mchanganyiko: nyekundu, nyeusi, ya njano, ile yenye mistari, ile nyeupe ndogo kama jino la mtoto. Mvua ikizidi, hizi zinaoza na zile zinasimama. Jua likizidi, ni kinyume. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, mama aliupata kwa mama mkwe, akaongeza chake, akatoa kilichomshinda. Ukimwagia mama wa Masisi maharagi kwenye ungo, atakuambia kama ni ya kwake kabla hujamaliza kumwaga. Mimi niliwahi kuweka dau mkate mzima kwamba haiwezekani. Nililala njaa.

Kwa hiyo kila Septemba Madame aliagiza kila mtoto alete konzi moja ya maharagi ya kwao. Mwaka wa kwanza wazazi hawakuelewa. Kwa kuwa mwalimu wa maternelle hupewa chakula na wazazi badala ya mshahara, mama mmoja alifikiri Madame anaomba cha jioni, akamtuma mtoto wake na maharagi yaliyopikwa, yamefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, na chumvi ndani. Wengine walitaka kuyala. Madame alikataa.

"Tupande na hizi," alisema.

"Madame, ziko za kupikwa!" watoto walipiga kelele.

"Najua. Tupande, tuone."

Walipanda kwenye mkebe. Baada ya siku kumi za wengine zilikuwa zimeinua vichwa, na mkebe ule ulikuwa unanuka. Yule mtoto aliruhusiwa kulia, halafu akapewa mbegu nyingine. Tangu mwaka ule somo la kwanza la maternelle halikuwa herufi wala namba. Madame alitandika mikeka miwili, akamwaga maharagi katikati, na watoto walichambua. Yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu, yaliyokunjamana, mkeka wa kushoto. Mazima, yanayong'aa, mkeka wa kulia. Kisha alisimama kati ya mikeka akanyoosha kidole.

"Hii?"

"Ya kula!"

"Na hii?"

"Ya kupanda!"

"Tena."

Wakarudia mpaka sauti zikakauka. Niliuona mchezo huo mara nyingi mno, na nakiri kwamba nilichoka nao.

Nyuma ya shule walipanda mistari, mstari mmoja kwa kila mtoto. Walipovuna, mbegu za kila mmoja ziliwekwa kwenye chupa ndogo ya plastiki pamoja na majivu ya kuzuia wadudu, na kwa kuwa hawakujua kuandika, kila mtoto alichora alama yake kwenye karatasi ikabandikwa juu. Palikuwa na jua, mguu, nyumba, kitu ambacho mwenyewe alisema ni mvua. Lilikuwa somo tu, halikuwa na maana nyingine. Kisha ukaja mwaka ambao watu walikimbia, wakala kila kitu, wakala na mbegu, wakarudi kwenye nyumba tupu. Mama wa kwanza alifika shuleni bila viatu. Alisimama nje ya dirisha kama nilivyosimama mimi.

"Madame, ile chupa ya mutoto wangu ingali?"

Ilikuwapo, maana Madame alizifukia zote kabla ya kukimbia. Konzi moja tu, lakini konzi ya maharagi ya kwao, ambayo hakuna soko lingeweza kumpa. Kwa misimu mitatu konzi ile inakuwa shamba. Nilimwona mama yule akimwaga kiganjani, akageuza moja moja, akasema, "Hii mweusi ni ya mama mukwe wangu." Mama mkwe alikuwa amekufa njiani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeita chupa zile mchezo wa watoto.

Mara ya mwisho walipokimbia Nyamitaba, kila mtu alibeba alichoona ni uhai wake. Niliwakuta njiani, nikabeba mzigo wa mzee mmoja. Madame alikuwa na mfuko mgongoni uliogongana gongana. Jirani yake alimtania hata katika hali ile.

"Madame! Umeacha nyungu, umebeba chupa? Utapikia mu nini?"

"Nitapikia mu ya kwako," alijibu, na kweli kwa miezi mingi alipikia kwenye nyungu ya jirani huyo.

Chupa zilikuwa kumi na moja, za watoto ambao familia zao zilishika njia moja na yeye. Za wengine alizigawa kwa wazazi pale njia zilipoachana.

Walifika Kibua, kule Walikale, kwenye joto na msitu. Watu wa Kibua waliwapokea, wakawapa sehemu ya kujenga na sehemu ya kulima. Madame alifungua darasa chini ya turubai siku ya tano, kwa watoto wake na wa pale pamoja. Alinusa mikono. Siku zile mikono mingi ilinuka maji. Septemba alipanda punje chache kutoka kila chupa, na maharagi yakatoka kwa haraka ambayo hatujaizoea huku juu. Yakapanda, yakajaa majani mapana ya kijani, yakachanua. Watoto walicheza chini yake. Nilipopita nikamsifu.

"Usisifu," alisema. "Angalia muzuri."

Niliangalia. Maua yalikuwa yanaanguka na hakuna kilichobaki nyuma yake. Maharagi ya mlima kwenye joto la Kibua yanakuwa majani tu. Alijaribu tena Machi, akapata punje chache zilizokunjamana, za mkeka wa kushoto. Kilichobaki ndani ya chupa kilikuwa kinazeeka. Mbegu ya haragi haingoji. Mwaka wa kwanza inaota, wa pili nusu yake inaota, halafu inakuwa jiwe la kupikwa. Ilibidi zipandwe mlimani, na upesi, la sivyo siku ambayo watu hawa wangerudi Nyamitaba wangerudi kama wageni, kulima maharagi ya sokoni.

Aliniita mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayetembea. Dada yake mkubwa alikuwa na shamba Ngungu, upande wa kusini wa Masisi. Nilipaswa kumpelekea chupa zote, azipande kila moja mstari wake, na kurudi na mpya.

"Musafiri, umezunguka yote. Mara moja tu uende fasi moja, pahali pamoja."

"Nitaenda, Madame."

Watoto walipanga mstari wakaniwekea chupa mkononi, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mvulana mdogo aliyechora kuku mwenye miguu mitatu. Nilimuuliza kwa nini mitatu. "Mumoja ni wa kukimbia," alisema.

Nitasema kilichotokea kama kilivyotokea. Siku ya sita ya safari njia ilifungwa na vita, mbele na nyuma. Tulijificha kwenye kanisa dogo lisilo na mlango, mimi na wakubwa watatu niliokutana nao njiani, na watoto saba. Tulikaa hapo siku tano. Siku ya pili chakula kilikwisha. Siku ya tatu asubuhi watoto waliacha kulia, na anayejua watoto anajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko kilio. Maji ya mvua yalikuwapo. Kuni zilikuwapo, tulivunja benchi. Na mimi nilikuwa nimeketi juu ya mfuko uliogongana gongana kila nilipojisogeza. Nilifungua ile yenye jua. Halafu ile yenye mguu. Niliosha majivu vizuri. Nilikula pia, sitasema kwamba niliwalisha watoto tu.

Siku ya tano nilikuwa nimemaliza kumi. Ya kumi na moja, ile ya kuku, sikuiacha kwa wema wangu. Msichana mmoja alikuwa ameichukua kwenye mfuko, akaifunga mgongoni kwa kitambaa, akaifanya mtoto wake. Kila mtu aliyemsogelea alimpigia kelele. Njia ilipofunguka mchana ule, mama yake alimfungua kitambaa akiwa amesinzia, akanipa chupa.

"Shika, Papa. Iko ya bantu," alisema, kwamba ni mali ya watu.

Nilifika Ngungu. Shamba la dada yake Madame lilikuwa pori, na yeye alikuwa amekwenda, hakuna aliyejua wapi. Nilikaa pale nikiwa na chupa kumi tupu na moja iliyojaa, na nikafanya jambo la kijinga, ambalo wakati ule niliona ni la akili. Nililimia mama mmoja siku nne, akanilipa maharagi. Nilikaa nyuma ya nyumba yake nikachambua rangi, nikajaribu kukumbuka. Kwenye chupa ya jua, je, palikuwa na nyeusi? Ya mguu ilikuwa na njano nyingi, au ni ya nyumba? Nilizijaza kwa kukisia. Nikatia majivu, na nilipoziona zimepangwa nilijiambia kwamba zinafanana sana na zile za kwanza. Kisha niliona aibu, nikazunguka huko na huko miezi yote ya jua, nikichimba, nikibeba, nikilala na mfuko ule chini ya kichwa.

Nilirudi Kibua shule ilipofunguliwa. Turubai lilikuwa limetoboka. Madame alikuwa amekonda mpaka viatu vya mpira vilimpwaya vikalia miguuni, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayehesabu hatua. Picha ya printemps ilikuwa imebandikwa kwenye shina la mti, imebaki nusu, mwanakondoo bila msichana. Watoto walipoona mfuko walikimbia.

"Musafiri amerudia! Musafiri amerudia na mbegu!"

Madame hakuuliza kitu. Alichukua ungo akamwaga chupa ya kwanza, yenye jua. Aliangalia. Niliona vidole vyake vinageuza punje moja, ya pili, ya tatu, na kusimama. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mwenye chupa alikuwa ameinama juu ya ungo, msichana ambaye sasa alikuwa na meno mawili pungufu. Alikuwa ameondoka kwao akiwa mdogo mno kukumbuka. Aliangalia maharagi, kisha akainua macho akamwangalia Madame usoni.

"Madame, hii njo ya kwetu?"

Watoto wote walisogea karibu na ungo. Nyuma yao mama wawili walikuwa wamesimama kwenye jua, na mmoja alikuwa ameshaona kilichomo kwenye ungo. Alijua, na alifunika mdomo kwa kitenge.

"Njo ya kwenu," alisema Madame.

Alisema hivyo mara kumi, chupa moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kufundisha rangi. Watoto walichukua punje chache kila mmoja wakaenda kuzipanda kwenye mistari waliyokwisha kulima, wakiimba vibaya.

Tulibaki wawili. Aliniambia ninyooshe mikono. Nilinyoosha. Aliinama akanusa, kwanza huu, kisha huu.

"Tangu jana hauyakula."

"Tangu juzi, Madame."

"Na zile, banani balizikula?"

"Batoto saba. Na wakubwa bane, na miye ndani."

"Balishiba?"

"Siku mbili. Kisha hapana."

Aliketi kwenye benchi ya watoto, magoti yakafika kifuani. Mama aliyefunika mdomo alikuwa ameketi chini upande wa pili wa turubai, mgongo kwetu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Madame, juu ya nini ulibaambia ni za kwao? Weye haudanganyake batoto."

Aliokota punje iliyobaki kwenye ungo.

"Sasa njo za kwao," alisema. "Hakuna zingine."

Nilitoa chupa ya kuku mfukoni. Nilikuwa nimeificha mpaka mwisho, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu kimoja cha kujitetea. Aliishika juu kwenye mwanga, akaitikisa, akafungua, akanusa. Uso wake haukuwa wa furaha.

"Hii ni ya kweli," alisema. "Mwenyewe hayuko. Balienda mwezi wa sita, bote, hata jirani hakuagwa. Sijui kama iko muzima."

"Tuipande hapa, Madame?"

"Hapa itakuwa majani. Na mwaka huu njo mwisho wake. Isipoona mulima mvua hii, ni mawe." Alifunga kifuniko, akakaza, akakaza tena. Nilijua anachotaka kuniambia, na nilitamani asiseme. "Musafiri. Nikikupa tena, utaikula?"

Ningeweza kuapa. Nilikuwa nimeandaa viapo vizuri njiani, miezi mizima. Lakini nilikuwa nimeketi mkekani mwake miaka mingi.

"Sijui, Madame."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya kila mtoto alipopata jibu baada ya kukosea mara nyingi. Kisha alivuta kikapu chake. Ndani palikuwa na kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha, kimefungwa kwenye jani, na upande wa kikapu siku ile waliketi watoto sita. Alikikata katikati kwa kidole gumba. Nusu alirudisha. Nusu aliiweka kwenye mkono wangu wa kushoto, na chupa ya kuku kwenye wa kulia, akaifunga mikono yangu yote miwili kwa mikono yake.

"Sema," aliniambia.

Niliinua mkono wa kushoto.

"Hii ya kula."

Niliinua wa kulia.

"Hii ya kupanda."

"Tena," alisema Madame.